Kimya cha Mjomba Redio

11 Januari 1998

Mpwa wangu,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili, maana ni nzito. Mimi ni mzima kiasi cha kuwakera mahasidi. Mkaza mjomba wako naye hajambo, amenunua sufuria mpya na sasa ananitazama kana kwamba mimi ndiye sufuria ya zamani. Mwambie dada yangu, mama yako, aache kupanda ngazi za ghorofani kila saa. Magoti nayo yana haki ya kugoma.

Sasa kaa chini. Umekaa? Mjomba wako amechaguliwa.

Unajua kampuni yetu ina viwanda vya chupa katika nchi nyingi, chenu kimoja na chetu kimoja, na sote tunakula kwa mkono wa watu ambao wakitupita njiani hawatujui. Huko kwenye makao makuu kuna sheria inayosema wakubwa wasiamue jambo zito juu ya kiwanda chochote kabla hawajawaita wawakilishi wa wafanyakazi, wakawaeleza na kuwasikiliza. Kikao hicho kinaitwa Baraza. Usilichanganye na chama cha wafanyakazi. Chama kinaweza kuitisha mgomo, Baraza haliwezi hata kusema "hapana." Nguvu yake ni kuambiwa mapema, na kuuliza maswali mpaka mtu alegeze tai.

Nilishindana na karani wa stoo, kijana mwenye vyeti vingi kuliko mashati. Mimi niliyeachana na shule kabla shule haijanizoea! Nimemwacha mbali. Watu walisema wazi kwamba wanataka mtu asiyeweza kuwaficha kitu hata akilipwa. Hawajaniita Redio bure. Kwa hiyo mwezi wa tatu fundi kalibu huyu, ambaye mikono yake imechonga umbo la chupa walizonywea marais, atapanda ndege kwenda kukaa meza moja na mkurugenzi mkuu. Marais hao siwezi kukutajia, lakini wamekunywa.

Kama una neno la kumfikishia, niandikie. Mjomba yupo.

Mjomba wako,
Mheshimiwa Redio


2 Februari 1998

Shikamoo mjomba,

Barua yako ilisomwa mezani kwa sauti, mara mbili. Mama anasema unapiga kelele hata kwenye karatasi. Sote hatujambo. Mume wangu yuko safarini na lori, tunamtarajia wiki ijayo. Mtoto ameanza shule. Siku ya kwanza alirudi akavua viatu, akaniambia ameshamaliza. Nimeona amekufuata wewe. Mama goti la kulia limepoa, la kushoto bado, na ngazi haachi.

Hongera, mjomba. Sasa nisikilize bila mzaha, kama unaweza.

Kazi yangu unaijua. Nakaa mbele ya taa, chupa zinapita, natoa zenye ufa na zenye mapovu. Macho yameanza kuchoka. Kiwanda cha dawa, upande wa pili wa mji, wananitaka kwenye ukaguzi wao. Kazi ni safi, ya kukaa, na mkataba ni wa kudumu. Wanataka jibu kabla mwezi wa tatu haujaisha. Wakati huohuo meneja wetu ameniita, anataka kunifanya msimamizi wa zamu. Hapajawahi kuwa na mwanamke kwenye nafasi hiyo hapa. Moyo wangu uko hapa, sikufichi.

Lakini tanuru letu limezeeka. Wewe huhitaji kuelezwa kwamba tanuru la kioo haliwashwi asubuhi likazimwa jioni. Linawaka miaka kumi na zaidi bila kupumzika, kioo kinayala matofali yake polepole, na siku yakiisha, ama linajengwa upya ama linakufa na kiwanda chake. La kwetu lilipaswa kujengwa mwakani. Matofali yale huchongwa kwa oda, na oda yenyewe huchukua karibu mwaka. Tukimuuliza meneja anatabasamu, anasema tusiwe na haraka.

Mwakilishi wetu wa Baraza ni mtu wa ofisi ya mauzo, huku kwenye mashine hatumwoni. Wewe unakwenda kukaa na wanaojua. Basi swali langu ni moja tu. Matofali yetu yameagizwa? Kama yameagizwa, nabaki. Kama hayajaagizwa, nakwenda kwenye dawa. Usiniletee hadithi ya ndege, niletee jibu la swali.

Mpwa wako,
wa mbele ya taa


15 Machi 1998

Mpwa wangu,

Nimerudi, na bado mimi ni mimi, ingawa mkaza mjomba wako anadai natembea kama mtu anayesubiriwa na gari. Tumefurahi kwamba mtoto ameanza shule. Mwambie nami nilimaliza siku ya kwanza, ila waliendelea kunifuata nyumbani.

Sasa hoteli. Mlango wake haufunguliwi kwa ufunguo, unafunguliwa kwa kadi, na kadi yenyewe ndiyo inayowasha taa. Nilikaa gizani muda mrefu nikidhani wamekatiwa umeme, nikawaonea huruma. Asubuhi tukaingia ukumbini. Meza ni ya duara, kila mtu na kipaza sauti chake, na masikioni tumevikwa vidude vya kutafsiri. Mkalimani wangu ni mama mwenye sauti ya upole kupita kiasi. Mkurugenzi akisema jambo la kukunja uso, mimi huku masikioni nabembelezwa kama mtoto.

Siku ya kwanza nilisema sana. Niliuliza juu ya joto la kwenye mashine, glavu zinazotoboka, na mafundi wetu kulipwa chini kuliko wenzao wa viwanda vingine. Watu waliandika. Mkurugenzi alinikumbuka kwa jina, na si hili la Redio.

Siku ya pili walifunga milango, wakatusomea sharti: watakayotueleza humo yabaki humo mpaka watakapoyatangaza wao. Tukatia sahihi, mtu mmoja mmoja. Mwenyekiti wetu ni dereva wa foklifti, mama mpana mwenye macho ya kutulia. Aliniinamia, akaniambia, "Redio, leo unazimwa." Baadaye akanieleza sababu. Mwaka juzi mwakilishi mmoja alitoka na neno, likafika magazetini. Tangu hapo, kwa mwaka mzima, wakubwa walikuwa wakilieleza Baraza habari za hali ya hewa na rangi mpya ya maboksi. Kuambiwa mapema ndiyo silaha pekee tuliyo nayo, na silaha hiyo inashikwa kwa mdomo uliofungwa.

Kuhusu swali lako. Mpwa wangu, fanya vile ungefanya kama mjomba wako angekuwa fundi kalibu tu, hajawahi kupanda ndege.

Mkaza mjomba wako anaita chakula. Msalimie dada yangu.

Mjomba wako


29 Machi 1998

Shikamoo mjomba,

Sote hatujambo, na leo hatujambo zaidi. Mume wangu amerudi. Alituona tunacheka jikoni akauliza kuna nini, mama akamwambia, "Mdogo wangu amejaribu kunyamaza."

Mjomba, wewe unadhani tunakusoma leo? Barua yako niliiweka mezani, nikamuuliza mama ina maana gani. Nilikuwa na hofu, sikufichi. Yeye hata hakuvaa miwani. Alisema habari mbaya kwako ni kama kikohozi, hujawahi kuishika kifuani. Ulitangaza msiba wa babu kabla daktari hajavua glavu. Mimi niliposhindwa mtihani, uliniambia langoni, mwalimu mkuu akiwa bado anatafuta namna ya kuanza. Lakini jambo jema unalificha kama mwizi. Cherehani ya mama ilikaa wiki tatu kwa jirani, unapita hapa unapiga miluzi tu. Wiki ya harusi yangu hukuandika hata neno, tukakasirika, kumbe uko njiani na kitanda juu ya lori. Mama akasema, "Huyu akinyamaza, kuna lori njiani."

Basi tumeelewa. Hukusema, na sitasema kwamba ulisema. Sharti lako liko salama kwetu.

Jana nilikwenda kwenye kiwanda cha dawa, nikawashukuru na kuwaambia nabaki nilipo. Walisikitika. Yule bwana wa ajira alinisindikiza mpaka getini. Na Jumatatu naanza usimamizi wa zamu. Wamenipa koti jeupe lenye mifuko miwili. Mtoto ananiita daktari.

Asante, mjomba. Asante kwa kimya chako.

Mpwa wako,
msimamizi


20 Aprili 1998

Mpwa wangu,

Hatujambo.

Barua yako niliisoma kazini nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nimechelewa kujibu. Nilizoandika kabla ya hii zimeingia tanuruni.

Usijenge juu ya kimya changu. Si lori. Si kikohozi pia. Sikukupa habari njema, wala sikukupa mbaya, na dada yangu asinisome kama anavyonisoma siku zote. Kama mlango wa wale wa dawa haujafungwa kabisa, pita ukawasalimie. Mtu hafukuzwi kwa kusalimia. Haya ni maneno ambayo mjomba yeyote angemwambia mpwa wake kuhusu kazi yoyote, na siandiki zaidi ya hapo.

Hongera kwa koti.

Mjomba wako


3 Mei 1998

Shikamoo mjomba,

Sisi wazima. Mama amekataa kuamini kwamba ile ni barua yako. Aliigeuza akatazama nyuma kama kuna nyingine. Amesema barua yako isiyo na majivuno hata moja ni kama nyumba isiyo na moshi asubuhi, lazima mtu abishe hodi.

Nimekwenda kuwasalimia wale wa dawa kama ulivyosema. Nafasi ameshapewa mtu mwingine, na hawana nyingine mwaka huu. Bwana wa ajira alinipa chai, nikaondoka.

Mjomba, nini? Zamu yangu ina watu thelathini. Wananiuliza habari za tanuru kwa kuwa nimevaa koti jeupe, nami nawaambia watulie. Nawaambia hivyo kwa sababu yako. Kama unaumwa, sema, tutafute nauli. Kama ni ukubwa umekupanda kichwani, nao unapona. Lakini jibu.

Mpwa wako


6 Julai 1998

Shikamoo.

Hatujambo. Hukujibu barua yangu ya Mei, basi naandika tena, na hii hutahitaji kuijibu haraka.

Alhamisi walisimamisha mashine zote isipokuwa tanuru, wakatukusanya kwenye kantini. Viti vilipangwa kama vya harusi. Mbele walikaa meneja wetu na bwana mmoja wa makao makuu ambaye hatujawahi kumwona. Yule bwana alizungumza vizuri sana. Alisema soko, alisema gharama za gesi, halafu akasema tanuru letu "litapumzishwa" mwishoni mwa mwaka ujao. Fundi mkuu wa tanuru, mzee aliyelilinda tangu lilipowashwa, alinyoosha mkono akauliza, "Litaamka lini?" Bwana akatazama karatasi zake. Hapo ndipo watu walipoelewa. Dada mmoja wa upakiaji alianza kulia taratibu, kama mtu anayejaribu kutomwamsha mtoto.

Tanuru likizimwa, mjomba, kioo kilichomo kinaganda na kulipasua. Hakuna tanuru linalolala.

Mtu mmoja aliuliza uamuzi huo ulianza lini. Bwana akajibu bila wasiwasi kwamba mpango waliuwasilisha mwezi wa tatu mbele ya wawakilishi wetu wa Baraza, kama sheria inavyotaka. Mwezi wa tatu. Nilikuwa nimesimama ukutani na koti langu jeupe. Watu wa zamu yangu wanajua mjomba wangu ni nani, mimi mwenyewe nilijisifia. Waligeuka mmoja mmoja.

Ulijua. Nilikuuliza swali moja. Sikukuuliza siri za kampuni, nilikuuliza kama nihame au nibaki. Ukaniandikia habari za kadi ya mlango.

Mama amesikia yote. Katika barua hii hakuongeza neno, wala hakutaka kuisikia nikiisoma.

Mpwa wako


19 Julai 1998

Mpwa wangu,

Mkaza mjomba wako anawasalimu na analia. Mimi ni mzima.

Nilijua. Siku ile ya milango kufungwa walituonyesha mchoro, na kiwanda chenu kilikuwa na msalaba. Matofali hayakuagizwa. Barua yako ya Februari ilikuwa ndani ya mfuko wa koti langu, nilikwenda nayo ili nisilisahau swali lako. Kulisahau!

Nikueleze tulichofanya, kisha unihukumu. Mpango wao wa kwanza ulikuwa kulizima mwaka huuhuu, kabla ya Desemba, na kumpa kila mtu kile kidogo ambacho sheria haiwaruhusu kumnyima. Baraza likadai kuajiri mhasibu wake. Wakakubali, kwa sababu hakuna neno lililokuwa limevuja na hawakuwa na kisingizio cha kutufungia mlango. Mhasibu alikuta kwamba chupa zenu bado zina faida, ila ndogo kuliko wanavyotaka. Kwa hesabu hiyo mama wa foklifti aliwakalia miezi mitatu. Tulirudi mara mbili, sikukuandikia. Kuzima kumesogezwa mpaka mwishoni mwa mwaka ujao. Wazee watapewa pensheni mapema, atakayetaka kuhamia kiwanda kingine atapewa nafasi, na asiyetaka atalipiwa mafunzo ya kazi nyingine. Siuiti ushindi. Ni kumshika mkono mtu anayeanguka, ili afike chini polepole.

Ningekuambia wewe, ungemwambia mumeo, kwa kuwa ni mumeo. Yeye angemwambia utingo wake. Dada yangu angemwambia Mungu, na unajua dada yangu anavyosali, mtaa mzima huitikia amina. Wiki hiyohiyo makao makuu wangejua, na mhasibu wetu asingeuona hata mlango wa ofisi yao. Watu wako thelathini wangekuwa nje Desemba hii.

Nilikuona unaukataa mlango wa dawa, na ufunguo nimeushika mimi. Unanishukuru kwa kimya changu! Siku nilipoisoma barua ile niliharibu kalibu, kitu ambacho sijafanya tangu nikiwa mwanafunzi wa fundi. Sikuombi msamaha kwa kunyamaza, kwa sababu ukinirudisha pale nitanyamaza tena. Nakuomba msamaha kwa kuwa aliyenyamaza ni mjomba wako.

Habari za huku. Tangazo lilipofika, wenzangu nao walipiga hesabu ya mwezi wa tatu. Walinichagua kwa sababu siwezi kuficha kitu, wakakuta nimeficha kiwanda kizima. Wakasema, kama alijua la wenzao akakaa kimya, atajua la kwetu akakaa kimya. Wameitisha kura mpya. Kiti amekichukua karani wa stoo. Nimempa mkono, nikamweleza kadi ya mlango inavyofanya kazi, asije akakaa gizani.

Msalimie dada yangu, kama anapokea.

Mjomba wako


13 Septemba 1998

Shikamoo mjomba,

Hatujambo. Mtoto amejifunza kuandika jina lake na sasa limo katika kila mlango wa nyumba. Mume wangu anakusalimu. Mama amesema nikuandikie kwamba goti la kushoto limezidi. Hilo ndilo neno lake la kwanza kwako tangu Julai, kwa hiyo usilifanyie mzaha.

Barua yako niliisoma siku ilipofika, nikaiweka. Nilitaka nikuandikie hasira zikipungua. Zimepungua, hazijaisha.

Jumapili iliyopita watu wa kiwanda walikutana kwenye ukumbi wa shule, bila meneja. Ajenda ilikuwa kuchagua mwakilishi mpya wa Baraza, maana kiti chetu kipo mpaka siku ya mwisho ya tanuru. Yule tuliyekuwa naye, wa ofisi ya mauzo, aliacha kazi mwezi wa tano. Alituaga kwa keki. Tulimpongeza kwa kupata kazi nzuri kwingine, hatukujua alikuwa anatoka kwenye nyumba inayoungua na mlango akaurudishia. Naye alitia sahihi lile sharti kama wewe. Alilishika vizuri pia, hakumwambia mtu. Alijiambia mwenyewe tu.

Alipotajwa, ukumbi ulichafuka. Fundi mkuu wa tanuru akasimama, akanigeukia mbele ya wote. Ananiheshimu, hakupaza sauti. Aliuliza, "Na wewe, mwanangu, mjomba wako alikuwemo. Ulijua?"

Nikasema sikujua. Nyuma kuna mtu akasema damu ni damu, hakuna mjomba wa kumwacha mpwa wake asombwe na maji anaona. Wengine wakaguna. Hata mimi nilikuwa nikijiambia hivyohivyo tangu Julai. Basi akasimama yule dada wa upakiaji, aliyelia siku ya tangazo. Akasema, "Huyu mwezi wa tatu aliikataa kazi ya dawa. Najua, kwa sababu mimi niliposikia nilikwenda kuiomba, wakaniambia umri wangu umepita. Nyie mnamjua mtu mwenye habari anayekataa kazi ya dawa?"

Halafu fundi mkuu akasema kiti apewe mtu ambaye hata mjomba wake hakumnong'oneza, labda ndio ukoo unaoweza kushika neno. Mikono ikapanda. Nilitaka kukataa, mjomba. Nilitaka niwaambie kwamba lile wanalonisifia ndilo lililonivunja. Lakini nilitazama zamu yangu, watu niliowaambia watulie, nikanyamaza, na kimya changu wakakihesabu kuwa ni ndiyo.

Sijakusamehe. Nikisema nimekusamehe nitakuwa nakupa adabu tu, na wewe unastahili ukweli. Siku nyingine nikiwa kwenye zamu nakuelewa kabisa. Nikifika nyumbani nikivua koti, sikuelewi tena. Labda itakuwa hivyo kwa muda.

Lakini mwezi wa kumi nakwenda makao makuu, na sina mtu mwingine wa kumuuliza. Wewe ulikaaje pale? Mtu anafanya nini na mdomo wake?

Mpwa wako


27 Septemba 1998

Mpwa wangu,

Mwambie dada yangu nimelisikia goti, na sijalifanyia mzaha. Mkaza mjomba wako anatuma dawa ya kuchua, iko ndani ya bahasha hii kubwa, imefungwa kwa mkono wake. Mtoto aandike jina lake atakavyo, milango itapakwa rangi.

Nimefurahi mpaka nimeona haya. Hujanisamehe, na bado umenibishia hodi. Inanitosha.

Sasa sikiliza, maana hiki ndicho kitu pekee ninachokijua ambacho hawakifundishi shuleni. Ukifika, kaa karibu na mama wa foklifti. Mwambie wewe ni wa Redio, atakucheka, kisha atakulinda. Mkubwa akisema jambo zito, vua vidude vya masikioni umtazame usoni. Maneno utayapata baadaye kwenye karatasi, uso hutaupata. Usiulize swali moja mara moja. Liulize, lijibiwe, libadilishe nguo, uliulize tena. Wakikuonyesha mchoro, usitafute kiwanda chako kwanza. Mimi nilitafuta changu kwanza, nikapumua, halafu nikaona chenu. Ile pumzi mpaka leo inaninukia.

Kuhusu mdomo. Watu wanadhani kazi ni kuufunga pale ukumbini, mbele ya wakubwa. Pale ni rahisi, hata mimi niliweza. Mdomo unafunguka ukirudi, ukikuta meza imeandaliwa na mtu unayempenda anakuuliza safari ilikuwaje. Mpe ndege, mpe hoteli, cheka naye. Akikuuliza lile lenyewe, usimpe fumbo. Mimi nilikupa fumbo, nikajiona mwerevu, na fumbo ndilo lililokuponza. Mwambie waziwazi, "Siwezi kusema, na usisome kitu katika kutosema kwangu." Atakukasirikia. Heri akukasirikie wewe kuliko aamini kitu ambacho hakipo.

La mwisho. Tanuru letu nalo si kijana. Juzi nilikwenda kulichungulia kwa kioo cheusi, ukuta wa upande wa kushoto umeshaliwa, unang'aa pasipotakiwa kung'aa. Karani wa stoo ni mtu mwema, lakini atakaporudi kutoka safari zake sitauelewa uso wake. Wako naujua tangu ukiwa mchanga. Siku moja watafunga milango, watawaonyesha mchoro, nawe utaona kiwanda changu kimewekwa pale kilipowekwa chenu.

Nitakuandikia. Nitaanza na salamu, nitajisifu kidogo, halafu nitakuuliza. Nitakuuliza kwa ujanja, nitamtuma dada yangu, nitasema mimi ni mzee na ni mjomba wako. Najijua.

Usinijibu, mwanangu.

Mjomba wako